AJALI INA KINGA

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba si desturi yetu kujitaja. Kazi ya mhariri ni kusema mambo ya watu, siyo mambo yake. Lakini leo twaomba ruhusa ya kuivunja desturi hiyo kwa mara moja, kwa sababu tuna deni, na deni la maneno hulipwa kwa maneno.

Miezi michache iliyopita tuliandika katika ukurasa huu habari za vijana wanaoendesha pikipiki za abiria, yaani bodaboda, hapa Morogoro. Tuliandika kwa ukali. Tulisema kwamba vijana hao hawana subira, hawaiheshimu sheria, na kwamba wakipatwa na ajali wasimlaumu mtu ila nafsi zao. Maneno yale yaliwapendeza wengi, hasa wenye motokaa, nasi tukapata pongezi ambazo, twakiri, zilitufurahisha.

Siku ya tano kijana mmoja alibisha hodi ofisini kwetu. Alivaa koti zito la mvua, kofia ngumu ameikumbatia ubavuni, na mkononi ameshika kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Alituamkia, "Shikamoo, mzee," tukamwitikia, tukampa kiti, naye akakaa ukingoni. Akakifungua kile kipande cha gazeti, akakiweka mezani mbele yetu, akasema kwa upole: "Mzee, haya umeyaandika wewe, nami sikatai, yapo kweli. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Ile siku ya Kinole mbona hukuiandika?"

Hatukuwa na jibu. Tulimtazama vizuri usoni, ndipo tukamkumbuka. Makala haya ndiyo jibu lake.

MJI WA NJIA PANDA

Morogoro ni mji wa njia panda. Atokaye Dar es Salaam, akiisha kwenda kilometa 190 hivi, hufika Msamvu, na hapo barabara hugawanyika. Moja yaelekea Dodoma na mikoa ya Ziwa. Nyingine yaelekea Mikumi, Iringa na Mbeya, hata mpakani Tunduma. Malori yatokayo bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapa mchana na usiku. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 treni ya reli mpya huwachukua abiria wengi kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, lakini lori halijaondoka barabarani, wala basi halijaondoka, wala pikipiki.

Kusini ya mji husimama milima ya Uluguru, kama ukuta mmoja wa kijani. Vilele vyake vyapita mita 2,000, na mji wenyewe umekaa chini, penye mita 500 hivi. Kwa hiyo mtu aweza kunywa chai asubuhi katika baridi ya Mgeta, na adhuhuri akala chakula chake katika joto la Msamvu, akiwa ameteremka zaidi ya mita 1,000 kwa njia iliyojaa kona, mawe na udongo mwekundu. Huko juu ndiko zitokako kabichi, karoti na viazi vya Mgeta. Ndiko zitokako ndizi na viungo vya Kinole na Matombo. Na ndiko yatokako maji ya mto Ruvu yanywewayo Dar es Salaam.

Zamani mizigo ya milima ile ilishuka juu ya vichwa vya akina mama. Siku hizi sehemu kubwa hushuka juu ya pikipiki. Mgonjwa hushuka kwa pikipiki, mama mja mzito hushuka kwa pikipiki, mwalimu hupanda kwa pikipiki kwenda kufundisha. Desturi hii ya kubeba abiria ilianza zamani kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, na huko ndiko lilikozaliwa jina la bodaboda. Hapa kwetu serikali iliitungia kanuni zake mwaka 2010, na tangu hapo imekuwa kazi inayolisha nyumba nyingi. Asemaye kwamba pikipiki zifutwe hajapanda Uluguru na mgonjwa mgongoni.

BASI LA JIONI

Sisi wenyewe tumeendesha pikipiki kwa zaidi ya miaka 15. Tulijifunza katika shule ya misheni, kwa padre mmoja mzee aliyekuwa na pikipiki kuukuu. Padre yule alitufundisha kuiosha miezi mitatu kabla ya kuturuhusu kuiwasha. Alisema mtu asiyejua mnyororo wake umelegea wapi hastahili kuipanda. Tena kila jioni, kabla ya kulala, alitutaka tuichunguze dhamiri: leo nimetenda nini, na nini nilichoacha kutenda. Tuliyashika mafunzo ya mnyororo. Haya ya dhamiri tuliyaacha njiani.

Siku moja, jua likiwa limeinama, tulikuwa katika barabara ya Dodoma tukirudi mjini kutoka upande wa Dakawa. Mbele yetu lilikwenda lori lililojaa mifuko ya saruji, likitoa moshi mweusi. Tulilifuata kwa dakika kumi hivi, nazo zilituwia kama saa nzima. Hatukuwa na haraka yoyote. Nyumbani tulingojewa na chakula tu. Lakini mtu aliye nyuma ya lori huona kwamba anaonewa. Tukatoka mkono wa kulia kulipita. Tulipofika usawa wa magurudumu yake ya mbele, tukaliona basi likitujia na taa zake zimewaka.

Hatukumbuki tulitenda nini. Twakumbuka tu kwamba tulirudi nyuma ya lori kwa nafasi isiyozidi urefu wa kitanda, na upepo wa basi ukatusukuma hata gurudumu la nyuma likayumba mara tatu. Tulisimama kando ya barabara, miguu ikitutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

Barabara ile ina kumbukumbu zake. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu wetu Edward Moringe Sokoine, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, alifariki katika ajali ya motokaa huko huko Dakawa. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichopo mjini Morogoro huchukua jina lake, na kila siku twalitamka jina hilo bila ya kukumbuka namna alivyoondoka. Ikiwa njia hiyo ilimchukua mtu mwenye cheo kama kile, ndani ya motokaa, ni nani sisi juu ya magurudumu mawili?

Hayo twayasema leo. Jioni ile hatukuyasema. Tulipofika nyumbani tulisimulia habari ya lile basi kama mtu anayesimulia jinsi alivyomshinda simba. Watoto walitutazama kwa mshangao. Marafiki walitupiga mgongoni. Mmoja alisema, "Siku yako haijafika, ndugu, ajali haina kinga." Tukacheka. Basi, funzo lote likaishia katika kicheko. Hapo ndipo tulipokosea mara ya pili, na kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu kosa la kwanza lingeweza kutufundisha, na la pili lilifuta mafunzo.

SIKU YA KINOLE

Sasa twafika katika jambo aliloliuliza yule kijana.

Ilikuwa wakati wa masika. Tulikwenda Kinole kwa shughuli za gazeti, na alasiri tukaanza kuteremka. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na njia ilikuwa na utelezi kama sahani iliyopakwa mafuta. Petroli ilikuwa imepungua katika tangi, nasi, kwa ubahili wa shilingi elfu moja au mbili, tukafanya kama wafanyavyo wengi katika milima hii: tukaizima injini, tukaitoa gia, tukaiachia pikipiki ishuke kwa uzito wake.

Mwanzoni ilikuwa raha. Hakuna kelele, upepo wa mgombani wapiga uso, ndege wasikika. Tulishika breki, tukaiachia, tukaishika tena. Kona ya kwanza ilikwisha salama, na ya pili vile vile. Kona ya tatu tulipoishika breki tulisikia kwamba haishiki kama mwanzo. Ilikuwa laini, kama mkono wa mtu mchovu. Tuliikanyaga ile ya nyuma, gurudumu likaselelea matopeni. Na mbele yetu, katikati ya njia, palikuwa na mtoto wa kike, mwanafunzi, amevaa sare ya shule, amejitwika ndoo ya maji, ametupa kisogo.

Hakugeuka. Tulipiga honi, na honi nayo ililia kwa sauti ya mbu. Hapo tuliisukuma pikipiki kushoto, ikaingia mfereji, ikatutupa katika migomba. Mtoto akashtuka, ndoo ikaanguka, maji yakamwagika yote. Yeye hakuguswa. Kati ya usukani wetu na bega lake haikupita hata dhiraa moja.

Kelele zilimleta bibi yake kutoka nyumba iliyo juu ya njia. Kwanza alimshika mtoto mikono yote miwili akamgeuza huku na huku. Alipoona kwamba ni mzima, akatujia sisi tuliokuwa bado tumekaa chini. "Pole, baba. Umeumia?" Tulimwamkia kwa haya, tukamwambia kwamba tumechubuka tu goti. Akatutazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo halijatutoka: "Kwani pikipiki yako haina sauti? Watoto wetu huku husikia kwanza, ndipo hutazama. Wewe umekuja kama nyoka."

Alikuja kijana mmoja mwenye pikipiki ya abiria, akasimama, akatusaidia kuitoa pikipiki mferejini. Aliigusa breki ya nyuma kwa kidole kilicholoweshwa, akakiondoa upesi kwa joto. Hakutukaripia. Alisema tu, "Mzee, mlima huu hushukwa na gia." Akatuongoza polepole mpaka Kiroka, kisha akaenda zake. Jina lake hatukuuliza.

Na sasa neno la aibu. Tulipofika mjini hatukumwambia mtu. Lile basi la Dodoma tulilisimulia kwa sababu lilitufanya mashujaa. Huyu mtoto wa Kinole tulimficha kwa sababu alitufanya wakosaji. Na juma lile lile, goti likiwa bado na bandeji, tulikaa mezani tukaandika yale makala ya kuwalaani vijana wa bodaboda.

Kijana aliyekuja ofisini na kipande cha gazeti ndiye yule yule aliyetutoa mferejini.

MANENO YA KIJANA

Tulipokwisha kumwomba radhi, tulimwuliza habari za kazi yake, akatueleza. Pikipiki anayoiendesha si mali yake. Kila jioni humpelekea mwenyewe hesabu, shilingi elfu nane, iwe mvua au jua, abiria wawepo au wasiwepo. Petroli ni juu yake. Hutoka alfajiri, na mara nyingi hurudi saa nne za usiku. "Saa nane za mchana, mzee, usingizi hunijia nikiwa nimeshika usukani," alisema. "Siku moja nilizinduka nimo upande wa kulia. Lori lilinipigia honi. Nilisimama, nikanawa uso, nikaendelea, kwa sababu hesabu ilikuwa haijatimia."

Tulimwuliza kwa nini hubeba mshikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa safari moja. Akajibu kwamba abiria wenyewe humwambia, "Tupakie wote, tutakupa elfu mbili," na kwamba akikataa wataitwa na mwenzake. Tulimwuliza kofia ya abiria. Akasema anayo, lakini abiria huikataa; wanawake husema yaharibu nywele, wanaume husema yanuka jasho la watu. Hayo si udhuru wa kuvunja sheria, naye hakuyatoa kama udhuru. Lakini ni sababu, na mtu asiyejua sababu ya ugonjwa hawezi kuutibu.

Kisha akataja Msamvu, na sauti yake ikashuka.

Hakuna mkazi wa Morogoro asiyejua asubuhi ya Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019. Lori la petroli lilipinduka karibu na Msamvu. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba dereva alikuwa akijaribu kumkwepa mwendesha pikipiki. Watu walikusanyika, na wengi wao walikuwa vijana wa bodaboda, wakichota petroli iliyomwagika kwa madumu na ndoo. Moto ukalipuka. Wengi walifia pale pale. Wengine walipelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili na majeraha yasiyotazamika, na siku kwa siku hesabu iliongezeka hata ikapita watu 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa.

Tulipoandika kwa ukali, hatukuwakumbuka wale. Ikiwa zile taarifa ni sahihi, basi msiba mkubwa kabisa katika historia ya mji huu ulianza kwa jambo dogo kama letu la Kinole: mmoja alikwepwa, akaponea, na watu zaidi ya mia hawakuponea. Na waliokimbilia petroli ile hawakuwa wendawazimu. Walikuwa watu ambao lita moja ya petroli kwao ni chakula cha siku.

KINGA YENYEWE

Tumerithi msemo kwamba ajali haina kinga. Husemwa vijiweni, husemwa hospitalini, husemwa makaburini, nasi tumeusema. Twaheshimu hekima ya wazee, lakini msemo huu twaukataa. Kinga haizuii ajali zote, hilo ni kweli. Hata chandarua hakizuii mbu wote. Lakini hakuna mtu akataaye chandarua kwa sababu hiyo.

Natutazame mambo jinsi yalivyo. Pikipiki iendayo kilometa 50 kwa saa hupita mita 14 katika kila sekunde. Mtu mwenye macho makali huhitaji sekunde moja hivi tangu kuona hatari mpaka kushika breki. Kwa hiyo mita 14 za kwanza zimekwenda bure, na baada ya hapo zahitajika mita nyingine kama hizo katika lami kavu ili chombo kisimame. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka si mara mbili bali mara nne. Na katika lami iliyolowa, au udongo wa Kinole wakati wa masika, hesabu hiyo huwa mbaya zaidi. Hii ndiyo maana ya kibao cha 50 penye nyumba za watu. Hakikuwekwa ili askari wapate kazi.

Tena jambo la mlima. Injini inayonguruma ikiwa katika gia ndogo huyazuia magurudumu yasizidi mwendo. Ni breki ya tatu, tena haichoki. Mtu aizimaye injini huitupa breki hiyo, na kazi yote huiangukia breki ya mkono na ya mguu. Hizo hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Zikishikwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Kilichotupata katika kona ya tatu hakikuwa uchawi wala siku mbaya. Chupa ya petroli tuliyotaka kuiokoa haifiki bei ya ile ndoo ya maji.

Na kofia. Mwezi Mei 1935 huko Uingereza, mwanajeshi mashuhuri T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki yake alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuvaa kofia, na baada ya siku sita akafa. Mmoja wa madaktari waliomtibu alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari yule hakusema kwamba ajali haina kinga. Aliyachunguza majeraha ya vichwa ya askari wa pikipiki, na mwaka 1941 akatangaza aliyoyaona. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamrisha askari wake wavae kofia ngumu. Uchunguzi uliokusanywa baadaye kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Basi mauti ya mtu mmoja yalitazamwa kwa macho ya kujifunza, yakawaokoa maelfu. Je, sisi tuliofiwa na watu zaidi ya mia kwa asubuhi moja tumejifunza kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kiuacho zaidi ya barabara. Umri huo ndio wa yule mtoto wa ndoo, na ndio wa wengi wa waliomo vijiweni.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wapo watakaosema: basi polisi waongezwe, faini zizidishwe, na mambo yatakwisha. Hatukatai kwamba sheria ni lazima ishikwe. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1973, na kanuni za pikipiki tangu mwaka 2010, na abiria kama dereva hupaswa kuvaa kofia. Lakini watu wa Uluguru wana historia ya amri. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Lakini wakulima hawakusikilizwa, walitozwa faini na kusukumwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka upande wa Matombo, na ule mpango ukaachwa. Amri isiyoeleweka haimei, hata ikiwa na mbegu nzuri ndani yake. Matuta ya barabarani nayo hayatafaa kitu, ikiwa hayakuchimbwa kwanza katika akili za watu.

Kwa hiyo twamwambia kila mmoja kwa zamu yake.

Ninyi vijana wa vijiweni: shukeni mlima na gia. Msimpite mtu katika kona wala katika mgongo wa mlima. Usingizi ukija, simameni. Hesabu iliyopungua leo yaweza kufidiwa kesho, na mtu hawezi. Kila kijiwe kina mwenyekiti wake. Na ashike desturi hii, kwamba aliyeponea chupuchupu aje aseme mbele ya wenzake, asichekwe wala asitukuzwe, bali aulizwe: ulikuwa wapi, mwendo gani, uliona nini, ulikosea nini. Hakuna shule ya bei rahisi kuliko ajali ambayo haikutokea.

Ninyi wenye pikipiki: hesabu mnayoitoza iwe hesabu ambayo mtu aweza kuipata bila ya kukimbia. Chombo chenye breki mbovu msikitoe. Mkatabiane kwa maandishi na vijana wenu, na mkataba utaje siku ya kupumzika.

Ninyi abiria, ambao wengi wenu ni wafanyakazi wenzetu: msimhimize dereva kwa sababu ninyi mmechelewa kuamka. Kofia ikinuka, funga kitambaa safi kichwani kisha uivae. Jasho la mwenzako halijamwua mtu. Msipande mshikaki, wala msipandishe watoto mshikaki mkidhani ni kubana matumizi.

Ninyi wenye motokaa, mlioyashangilia makala yetu yale: pikipiki si inzi. Mwachieni nafasi anayeendesha. Taa zenu kali za usiku humpofusha, na upepo wa mabasi yenu humtupa.

Na ninyi viongozi wa matawi ya Chama: mkutano wa tawi usiishie katika kadi na ada. Waiteni vijana wa kijiwe kilicho karibu, muwasikilize kabla ya kuwafundisha. Mwiteni askari wa usalama barabarani aje siku ambayo hana kitabu cha faini mkononi. Mwiteni na fundi, awaonyeshe watu breki iliyokwisha ikoje. Haya hayahitaji fedha kutoka juu.

Sisi wenyewe tulirudi Kinole juma lililopita. Tulipanda na injini ikinguruma, na tulipofika karibu na nyumba ile tuliizima tukaenda kwa miguu. Tulimkuta bibi anachambua maharagwe barazani. Tulimwamkia, tukamwambia tumekuja kuomba radhi, na kwamba tumeleta ndoo. Aliipokea, akaigonga kwa kidole kuona kama ni imara, akasema, "Marahaba, baba. Mtoto yuko shuleni." Kisha akatukaribisha uji.

Tuliposhuka, tulishuka na gia ya pili, taratibu. Penye kona ya tatu walikuwapo watoto wanne wakirudi kutoka shuleni. Walitusikia tungali mbali, wakasogea kando, wakatupungia mikono.